Kikombe cha Chumvi Juu ya Ukuta

Mimi si mtu wa kukaa. Mama husema nilizaliwa miguu ikitangulia na kwamba haijatulia tangu siku ile. Nikiwa kwenye kiti, goti langu hutikisika mpaka vikombe vya mezani vianze kulia. Kwenye foleni nahama mstari mara tatu. Mtu akinisimulia jambo polepole, mimi humalizia sentensi yake, mara nyingi vibaya. Kwa hiyo mpaka leo sijui nani aliona ni busara kuniajiri kwenye utafiti ambao sharti lake la kwanza lilikuwa kusubiri bila kujua.

Utafiti wenyewe ulikuwa wa chumvi. Watu wa miaka hamsini na zaidi, ambao presha yao ilikuwa imeanza kupanda lakini haijafika mahali pa kumeza vidonge, walipewa chumvi ya kupikia kwa miaka miwili. Nusu ya nyumba zilipata chumvi ya kawaida, ile ile ya dukani. Nusu nyingine zilipata chumvi iliyopunguzwa sodiamu, ambayo ndiyo inayopandisha presha, ikatiwa potasiamu mahali pake. Mifuko ilikuwa sawa kabisa, myeupe, imeandikwa namba ya nyumba na si kitu kingine. Mwenye nyumba hakujua anakula ipi. Sisi tuliozunguka mitaani na mashine za kupimia presha hatukujua. Dokta aliyetuongoza hakujua pia. Majibu yalikuwa ndani ya bahasha, moja kwa kila nyumba, zimefungiwa kwenye kabati la chuma ofisini kwetu, mtaa wa Mutanga Sud, juu kilimani. Zingefunguliwa mwishoni, tuone kama chumvi ile inazuia presha kupanda na watu kuanguka kwa kiharusi.

Kuanguka ni neno ninalolijua tangu utotoni. Upande wa mama watu hawaugui, huanguka. Dada yake mkubwa alianguka Uvira akichambua mchele, ungo ukiwa bado mapajani. Dada yake wa pili alianguka Gatumba, tulikokuwa tukiishi wakati huo. Alikuwa akimpigia kelele mteja aliyedharau ndagala zake, dagaa wa ziwani, na kelele ikakatika katikati ya neno. Mama ndiye aliyebaki. Siku alipopimwa presha ikaonekana imeanza kupanda, nilitoka nje nikaizunguka nyumba mara nne. Nikiri kwamba sikuwa na hamu ya sayansi wala ya dunia nzima kupona. Nilitaka kitu kimoja, mama yangu asianguke.

Aliingia kwenye utafiti kama mtu mwingine yeyote. Kanuni ilikataza mfanyakazi kumhudumia ndugu yake, basi nyumba yetu ikapewa mwenzangu, mwanamke wa mtaa wa Kibenga mwenye mwandiko mzuri na maneno ya kuchoma. Yeye ndiye aliyemsomea mama karatasi ya makubaliano, mstari kwa mstari: usitumie chumvi nyingine, usikose kupimwa, usimgawie mtu wa nyumba nyingine. Mama aliitikia kila mstari kwa adabu, kama anavyoitikia mahubiri, kisha akaweka sahihi. Walioandika karatasi ile walikuwa watu wenye akili nyingi, lakini hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na habari za ukuta wetu.

Tulihamia mtaa wa Buyenzi mto Rusizi ulipofurika ukatutoa Gatumba. Tulifika na godoro lililolowa, sufuria mbili na gunia la ndagala ambazo hazikufaa tena kuuzwa. Kati ya chumba tulichopanga na nyumba ya jirani kuna ukuta wa matofali, mfupi, unanifika kifuani. Jioni ya kwanza mama alichemsha maharage kwa makaa ya kuomba, hana chumvi, amekaa anayatazama. Alipoinua kichwa akaona kikombe cha bati juu ya ukuta, chenye ukingo wa bluu, kimejaa chumvi. Hakuna mtu aliyeita wala kukohoa. Kesho yake mama alikiosha akakirudisha pale pale. Baada ya wiki mbili tukakikuta tena juu ya ukuta, safari hii kitupu, na tukaelewa kwamba chumvi imemwishia mwenyewe. Hivyo ndivyo ilivyokuwa miaka yote. Aliyeishiwa huweka kikombe, aliye nayo hukijaza. Kwenye ukuta ule chumvi haiombwi kwa mdomo, hainyimwi, na hairudishwi.

Mwenye kikombe ni mjane wa Kiislamu, mzaliwa wa Buyenzi, na wazazi wake wazaliwa wa hapo hapo. Alishona nguo za watu mpaka macho yakachoka. Mimi namwita Mama Mkubwa. Mama, ambaye ni Mkristo wa kwaya mwenye sauti ya kufukuza paka, humwita yaya, yaani dada mkubwa. Tangu alipozika dada zake wawili sijawahi kumsikia akimwita mtu mwingine hivyo.

Mama Mkubwa naye alikwenda kupimwa ili aingie kwenye utafiti. Walikwenda pamoja, vitenge vimepigwa pasi kana kwamba wanaitwa harusini. Umri wake ulifaa na presha yake ilifaa, lakini damu ilionyesha kwamba figo zake hazifanyi kazi vizuri. Mwenye figo mbovu hawezi kuitoa potasiamu mwilini. Ikijaa, misuli hulegea, kisha moyo husimama. Akaandikiwa barua ya kwenda kwa daktari wa figo, akaambiwa kwa upole kwamba utafiti huu si wake. Upole haukusaidia kitu.

"Wamenikataa kama noti ya kuchanika," alisema aliporudi, na mama akanitazama mimi, kana kwamba ni mimi niliyeichana.

Sasa niseme kosa langu, maana mficha uchi hazai. Sikuweza kuvumilia kutojua. Kila niliporudi nyumbani niliuona mfuko ule mweupe kwenye rafu ya jikoni, umekaa umenyamaza, na nilitamani kuutikisa mpaka useme. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba potasiamu ina uchungu kidogo. Basi nikaanza kuionja. Nalowesha kidole, nachovya, nafumba macho. Siku ya kwanza, chumvi tu. Siku ya pili, chumvi tu. Nikailinganisha na ya dukani. Nikaijaribu kabla ya kula na baada ya kula, nikasukutua, nikarudia, mpaka ulimi ukafa ganzi. Juma la tatu nikaupata uchungu. Ulikuwa mdogo, nyuma kabisa ya ulimi, kama wa mchicha wa lenga-lenga uliokomaa mno. Nilicheka peke yangu jikoni kwa furaha. Nikamwita mama nikamnong'oneza.

"Mama, usiambie mutu. We uko na ile yenyewe."

Hakuuliza nimejuaje. Alisema tu, "Mungu ni mukubwa," akaendelea kukata vitunguu. Nami nikawa na miezi mitano ya amani, ambayo kwa mtu kama mimi ni mingi.

Kila Jumatatu asubuhi tulikaa kwenye meza moja ofisini tukapitia mifuko. Kila mwezi nyumba hupata mfuko mpya, na ule wa zamani hurudishwa upimwe kwenye mizani, ijulikane watu wamekula kiasi gani. Jumatatu moja mwenzangu wa Kibenga alifika kwenye namba ya nyumba yetu, akainua nyusi.

"Wa kwenu unaisha kabla ya mwezi kuisha. Kila mara," alisema. "Mama yako anailamba kama ng'ombe?"

Meza nzima ikacheka. Mimi nilicheka nao, halafu kicheko kikanikauka. Mama hali chumvi nyingi. Tangu dada yake wa pili aanguke, anaitia kwa ncha za vidole viwili, kama mtu anayeogopa kuungua. Hapo hapo nikakiona kikombe cha bati. Ni mara ngapi nilikuwa nimekipita pale ukutani kimejaa, tangu mifuko ile ianze kuingia kwetu? Nilikipita kila siku, na kila siku nilikuwa na haraka.

Nilidanganya kwamba kichwa kinaniuma, nikatoka. Siku zile esansi, yaani petroli, ilikuwa haipatikani mjini, na watu waliongoja basi walikuwa wamepanga mstari mpaka nyuma ya kona. Nilisimama nao kidogo, nikashindwa, nikaondoka kwa miguu. Kutoka Mutanga Sud mpaka Buyenzi ni mteremko, namshukuru Mungu kwa hilo. Nilitembea nusu nakimbia, jua limesimama kichwani, na njia nzima niligombana na mama kwa sauti, swali mimi na jibu mimi, watu wakinipisha.

Nilimkuta kwenye kigoda uani, anachambua ndagala za kuuza.

"Mama, unamupatia Mama Mukubwa chumvi?"

"Juu ya nini unapumua hivyo? Kaa kwanza."

"Mama, jibu."

"Nampatia. Kikombe ni kikombe."

"Ya ku ule mufuko?"

"Sasa ya wapi ingine?" Aliweka ungo chini. "Si we ulisema hii ndiyo yenyewe, inakinga mutu asianguke? Bale batu benu balimukatala. Mi nikule dawa peke yangu, yaya ananitazama tu juu ya ukuta? Apana. Mi sikulelewa hivyo."

Kila neno alilosema nilikuwa nimempa mimi. Ulimi uliponza kichwa, lakini kichwa kilichoponzwa hapa hakikuwa changu.

"Na yeye yuko wapi?"

"Iko ndani. Siku hizi miguu inamulegea. Leo asubuhi alishindwa kusimama, akaswali amekaa chini."

Miguu inamlegea. Misuli hulegea, kisha moyo. Sikupita mlangoni, niliupanda ukuta. Kikombe kilikuwa pale juu, nikakipiga kwa goti, kikaangukia upande wa pili na chumvi yake ikamwagika mchangani.

Mama Mkubwa alikuwa amelala kwenye mkeka sebuleni kwake. Midomo ilikuwa imekauka na jasho jembamba lilimtoka shingoni, lakini alinitambua.

"We unaingia kwa watu kama mwizi," alisema kwa sauti ndogo.

Nilimshika mkono nikamwambia abane vidole vyangu kwa nguvu zote. Hakuvibana, alivigusa tu.

Mama aliingia nyuma yangu kwa mlango, kama mtu mwenye akili zake. Ilibidi nimwambie, na hakukuwa na njia ndefu ya kusema.

"Kama ile chumvi ni vile nilikuambia, inaweza kumuua. Figo yake haiiwezi."

Mama alikaa sakafuni pale pale alipokuwa, mikono kichwani. Hakulia. Alisema "Yaya, yaya wangu," mara nyingi, kama mtu anayemwamsha mwenzake kwa upole. Niliona haya kusimama mbele yake. Nikatoka kutafuta gari.

Teksi haikuwapo hata moja. Lakini Buyenzi kila mlango wa pili ni gereji, na mkabala wetu fundi alikuwa amekaa kwenye usukani wa gari lililovuliwa boneti, anakanyaga na kuachia.

"Dada, hii gari ni ya mutu," alisema nilipomweleza. "Naijaribu breki tu."

"Iko na esansi?"

"Ile ya kujaribia breki."

"Na breki zinashika?"

Alifikiri kidogo. "Zinashika polepole."

Tukambeba Mama Mkubwa, mimi mabegani, fundi miguuni. "Musinibebe kama mufuko wa ndagala," alinung'unika, na mimi nikafurahi kwamba bado ana nguvu za kuudhika. Mama alikaa nyuma, kichwa cha yaya wake mapajani. Gari lilipanda kilima injini ikiwa wazi mbele yetu, kila mkanda unazunguka mbele ya macho, watoto wa shule wakituonyesha vidole. Mimi nilikuwa kwenye simu na dokta, nikisema kila kitu mara mbili, naye akiniambia niseme mara moja tu na polepole.

Kliniki ya utafiti ni chumba cha nyuma cha ofisi yetu. Dokta ni mtu mtulivu kiasi cha kuudhi, mwenye tabia ya kugonga kalamu mezani anapofikiri. Alimtoa Mama Mkubwa damu, akamtundikia dripu, akamfunga nyaya za mashine ya moyo kifuani. Mama alibaki kwenye benchi ya nje, mlango ukiwa wazi. Majibu ya damu yalikuwa ya kungojewa. Dokta akanigeukia.

"Nani alisema hiyo nyumba iko na chumvi ya potasiamu?"

Mwenzangu wa Kibenga alikuwa amesimama pale na daftari lake. Hakucheka sasa.

"Mimi, Dokta. Niliionja. Nikamwambia mama."

"Uliionja."

"Kila siku, Dokta. Wiki tatu."

Kalamu iligonga meza. Nilitamani anitukane, angalau pawe na kelele. Alisema tu kwamba kwa mtu mwenye figo mbovu hawezi kungoja damu. Akapiga simu, akaomba kwa Kifaransa ruhusa ya kufungua bahasha yetu, akaandika saa kwenye kitabu, kisha akafungua kabati la chuma.

Bahasha ilikuwa ndogo kuliko nilivyokuwa nikiiwaza. Aliichana pembeni akiwa amenipa mgongo. Goti langu lilikuwa likitikisika, nikalishika kwa mikono miwili, likatikisika pamoja na mikono. Nilikuwa naomba. Najua nilichokiomba, na nakiandika hapa kwa sababu sijakisema kwa mtu: niliomba iwe chumvi ya kawaida. Miezi mitano nilikuwa nimeshukuru kwamba mama amepata ile yenyewe, na sasa, kwa moyo wangu wote, nilimwomba Mungu mama awe hakupata kitu.

Dokta aliirudisha karatasi ndani ya bahasha, bahasha kabatini, ufunguo mfukoni. Hakunitazama. Alikwenda kuketi kando ya kitanda, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Mama, leo umekula nini?"

"Leo ni Jumatatu, Dokta. Nimefunga."

"Na kile kidonge cha kupunguza maji alichokupa daktari wa figo?"

"Nimekimeza kabla ya alfajiri. Sikukosa hata siku moja, wallahi."

"Na tumbo?"

"Tangu Ijumaa linaniendesha. Lakini funga yangu ya Jumatatu mi siiachi."

Dokta alifumba macho kidogo. Alimweleza kwamba mwili umekauka, tumbo na kidonge vimemaliza maji yote, presha imeanguka chini sana, ndiyo maana miguu haimbebi. Akamwambia mgonjwa hafungi. Mama Mkubwa akajibu kwamba hakuja pale kutafuta fatwa. Alipokuwa akisema hivyo dokta alikuwa akimtoa nyaya za mashine ya moyo, moja moja, akizikunja. Damu ilikuwa haijarudi. Mtu anayeogopa potasiamu hatoi nyaya zile, na hapo ndipo nilipojua kwamba mfuko wetu ulikuwa wa chumvi ya kawaida.

Nilishukuru nimeegemea ukuta. Nilikuwa bado nashukuru nilipomwona mama kupitia mlangoni, amekaa wima kwenye benchi, mikono mapajani, na nikaukumbuka ule ungo wa mchele wa Uvira. Sijui kama kuna jina la kinachompata mtu akifurahi na kuvunjika kwa pumzi moja. Nilitoka nikamwambia yaya wake mzima. Alinishika uso kwa mikono yake miwili inayonuka ndagala.

Jioni damu iliporudi, dokta aliniita. Potasiamu ya Mama Mkubwa ilikuwa mahali pake. Kuhusu bahasha hakusema neno, na aliniambia nami nisiseme neno, kwa sababu nyumba yetu ingeendelea kupimwa mpaka mwisho kama nyumba nyingine. Halafu akasema kwamba kuanzia kesho siendi tena mtaani. Nitakaa stoo, nipime mifuko inayorudi. Maji yakimwagika hayazoleki, na mimi nilijua nimepewa adhabu nyepesi. Lakini kukaa! Mwenzangu wa Kibenga aliniletea kiti mwenyewe.

Nyumbani mama aliniuliza mara moja tu.

"Ile bahasha ilisema nini?"

"Sijui, Mama. Sisi hatuambiwi."

"Aa." Alikuwa anakunja kanga iliyokauka, akaikunja vizuri sana, pembe kwa pembe. "Ile mikamba ya moyo balimutoa mbele ya damu kurudi. Nilikuwa ku benchi. Niliona."

"Mama, mi sijui."

"Sawa. We hujui."

Wiki zilizofuata ukuta ulikuwa mtupu. Mama Mkubwa alipona, akarudi kukaa mlangoni pake, akisalimia kila apitaye, lakini kikombe hakukiweka. Daktari wa figo alimwambia apunguze chumvi ya kila namna, asiiache kabisa, na asipokee tena ya utafiti. Mimi nilinunua pakiti ya dukani nikaiweka kwenye rafu, karibu na mfuko mweupe, kwa ajili ya siku kikombe kitakaporudi. Kila jioni nilikuwa namtazama mama anapopika, anapoinuka, anapotamka maneno marefu. Nilimpima presha mpaka akaificha ile mashine. "We utaniangusha kwa kunitazama," alisema.

Jumapili moja, baada ya kanisa, kikombe kilikuwepo. Niliona ukingo wa bluu nikiwa bado sijavua viatu. Nilikwenda nikasimama mbele yake ili mama asikione, mtu mzima mimi, nimeutanua mgongo kama mlinzi wa goli.

"Sogea," mama alisema.

Nikasogea. Alikichukua, akatazama ndani, akaingia nacho jikoni. Nilimfuata. Mkono wake uliipita ile pakiti ya dukani, ukafungua mfuko mweupe.

"Mama, ya dukani iko hapo."

"Naiona."

"Karatasi inasema usigawe."

"Karatasi inasema." Alichota kijiko kimoja, kimoja tu, akakitia kwenye kikombe cha bati. "Lakini we unajua na mi najua. Humu hamuna kitu cha kumuua yaya wangu." Akaufunga mfuko, akaubana kwa kamba yake. "Wala cha kunikinga mi."

Nilitaka kusema sijui. Sikuweza. Nililia, wazi kabisa, kama mtoto aliyenyang'anywa kitu, na yeye akanipita akaenda kukiweka kikombe juu ya ukuta. Nilisikia sauti ya bati kwenye tofali, kisha mlango wa upande wa pili ukifunguka. Mama Mkubwa hakushukuru, kama desturi. Mama akarudi akinifuta uso kwa pindo la kitenge chake cha kanisani.

"Batu bako balisema lazima bamoja bapate, bamoja bakose, ndiyo bajue," alisema. "Mi niko kwa bale balikosa. Basi. Utaenda kubaambia nini, bamununulie yaya figo? Kaa, ukule."

Nikakaa. Alipakua maharage, akanipa yangu, akaketi mbele yangu na yake. Niliweka kijiko mdomoni nikautafuta ule uchungu nyuma ya ulimi, niliouapia, niliomnong'onezea mama. Haukuwapo. Ilikuwa chumvi tu, ile ya siku zote. Goti langu likaanza kutikisa meza, mama akaliwekea mkono wa kushoto, mzito, bila kuacha kula. Nikala nami, na sikuondoa macho kwenye mkono wake wa kulia, nikiangalia kama bado unashika kijiko vizuri.